Mwaka wa Maji Meupe kwa Ta Deo

Tulimzika Ma Yustina kule Nyaishozi, kwenye kibanja chao cha migomba na kahawa, kando ya mumewe aliyemtangulia miaka mingi, kisha tukarudi Omurushaka kwenye nyumba yao ya mjini. Jioni ile watu walianza kutawanyika kwa makundi, na mimi nikabaki sebuleni na Editha, binti yao wa pekee, tukikunja mashuka waliyolalia wageni. Yeye anashika ncha mbili, mimi mbili, tunakutana katikati, tunaachana tena. Editha ana mvi sasa, na mimi pia ninazo, ingawa zangu nazifunika kwa kilemba. Tulikuwa hatujazungumza sana siku zile za msiba, maana mfiwa hupokea watu tu, hana nafasi ya kuongea. Ghafla akasimama na shuka mkononi, akaniambia, "Adela, mama alinipigia simu mwisho wa mwaka ule uliokaa hapa, akaniambia baba anasahau. Hakusema zaidi. Mimi nilikuwa Dar, nilikuja nikamkuta tayari yuko vile. Wewe ndiye uliyekuwa humu ndani. Ilianza lini?" Nikamjibu jambo la kwanza lililonijia: "Ilianza na maji ya samaki." Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike, lakini wakaingia wanawake wa jumuiya ya kanisani kuaga, na hatukurudi tena kwenye mazungumzo yale. Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo ningemwambia kama tungepata saa moja ya utulivu.

Nilikuwa mwalimu mpya, nimepangiwa shule moja ya msingi upande wa Kiruruma, na shule haikuwa na nyumba ya mwalimu ambaye hajaolewa. Mwalimu mwenzangu akanipeleka Omurushaka kwa wazee wawili kutoka Muleba waliokuwa na chumba kisichotumika. Mzee alikuwa bwana samaki mstaafu, yaani afisa wa uvuvi, aliyezunguka maisha yake yote kwenye mialo na maziwa ya mkoa, na mama alikuwa na duka la vitenge pale kwenye barabara kuu, karibu na mahali mabasi ya Bukoba yanapopakia. Kila mtu aliwaita Ta Deo na Ma Yustina, kama Wahaya wanavyowaita wakubwa wao kwa heshima. Mimi niliwaita Baba na Mama tangu siku ya kwanza, wao wakaniita Mwalimu, na ilichukua muda kabla mmoja wao hajatamka jina langu. Nilikuwa Mnyambo wa Kyerwa, na walifurahi kugundua kwamba wakizungumza Kihaya nilielewa karibu kila neno, ingawa nilipojaribu kuwajibu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Naweka hilo hapa mapema kwa sababu baadaye kuelewa kwangu kulinipa mzigo ambao wao hawakujua kwamba wamenitwisha.

Ilikuwa nyumba ya aina ambayo leo naiona kwa nadra, yenye mambo ya kawaida yanayofanyika kwa saa zake. Asubuhi chai ya maziwa yenye tangawizi, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna ambacho Ta Deo alikisogeza kwa yeyote aliyekaa, hata kama ni mtu aliyekuja kuulizia njia. Jioni ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zimefunikwa kwa jani la mgomba mpaka harufu ya jani inaingia kwenye chakula, na siku za sokoni kipande cha samaki aliyekaushwa. Mezani tulikaa watatu. Ma Yustina alizungumza habari za dukani, nani amekopa na nani amekuja kupima kitenge kwa macho tu. Ta Deo alisikiliza redio kwa sikio moja na mkewe kwa lingine, na aliweza kujibu vyote viwili. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Nilimpenda upesi. Sijui kama nilijua wakati ule kwamba nampenda kama baba. Nilijua tu kwamba nikitoka shule nilitembea haraka.

Kati ya redio na mlango wa chumba changu, juu ya meza nzito ya mninga, ndipo lilipokaa tangi la samaki. Alikuwa amelitengeneza mwenyewe kwa vioo vya dirisha na gundi, akaweka mchanga wa ziwani, mawe, na pampu ndogo ya hewa iliyopitisha mapovu kwenye sifongo usiku kucha. Mapovu yale niliyasikia nikiwa kitandani. Samaki wenyewe walikuwa furu, wale wadogo wa ziwani ambao wavuvi huwatupa au huwakaanga bila hata kuwahesabu kuwa samaki. Majirani walimcheka kwa kuwafuga. Yeye alinikalisha mbele ya kioo siku ya Jumapili baada ya misa, akanionyesha dume mmoja ambaye ukimtazama juu juu ni wa kijivu, lakini akitulia anageuka bluu mgongoni na mkia unakuwa mwekundu kama kaa la moto. "Hawa wako ziwani tangu kabla ya sisi," aliniambia. "Watu wanakula wasichokijua." Ndiye aliyenifundisha kuyasoma maji. Alisema maji yakiwa ya kijani, ulaumu jua linaloingia dirishani. Yakiwa ya kahawia, ulaumu mchanga ambao haukuoshwa vizuri. "Lakini yakiwa meupe, kama maji uliyooshea mchele, hapo ama samaki amekufa mahali usipomwona, ama kuna mtu anawapa chakula kuliko wanavyokula. Kinachobaki kinaoza, na weupe unaouona ni vijidudu vinavyokula uozo." Nikamuuliza dawa yake nini. "Kutofanya kitu," akasema, akacheka kwa sauti yake ndogo. "Unapunguza maji kidogo, unaongeza ya mvua, unawanyima chakula siku mbili, unaondoa mikono yako. Samaki hafi kwa njaa ya siku mbili. Wengi wanakufa kwa kupendwa."

Maji yalianza kuwa meupe baada ya mvua za masika. Mwanzo ilikuwa kama mvuke kwenye kioo, nikapitisha kitambaa nikidhani uko nje. Siku chache baadaye hukuweza kuyaona mawe ya nyuma. Ta Deo alifanya yote aliyonifundisha: alinyonya maji kwa mpira, akatafuta samaki aliyekufa chini ya kila jiwe, akaisuuza sifongo kwenye maji yale yale ya tangi na si ya bomba, maana alisema ya bomba yana dawa inayoua hata vijidudu vinavyosaidia. Maji yakatulia, yakaanza kung'aa, halafu yakarudi meupe. Akalaumu umeme, ambao kweli ulikuwa unakatika na pampu inanyamaza. Akalaumu tangi la maji ya mvua, akapanda juu ya paa mwenyewe kuangalia kama kuna ndege aliyefia kwenye mfereji. Ma Yustina alisimama chini akimpigia kelele ashuke, na aliposhuka akanigeukia mimi. "Mwalimu, ile ndoo ya bluu uliyofulia nguo, si ndiyo anayojazia samaki?" Nikamwambia hapana, mimi natumia beseni langu. Hakuniamini. Kwa siku kadhaa ndoo ya bluu ilikaa chumbani kwao, na nilipopita ukumbini niliona jinsi anavyoniangalia mikono. Iliniuma, kwa sababu sikuwa na kwingine pa kukaa na kwa sababu nilitaka anipende.

Halafu furu wakaanza kufa. Yule dume wa bluu tulimkuta juu ya maji asubuhi moja, ubavu mmoja umepauka. Ta Deo alimtoa kwa kiganja, akakaa naye kwenye kiti, hakunywa chai. Nilimsikia akisema, si kwangu wala kwa mkewe, "Nimewafundisha watu wazima kufuga samaki. Nimekagua mabwawa ya mapadri." Ma Yustina akamwambia basi tuyatupe maji yote, tuoshe kila kitu kwa sabuni, tuanze upya, au tuwagawe watoto wa jirani na meza ile tuweke televisheni. Sikuwahi kumwona Ta Deo akimkasirikia mkewe mpaka siku ile. Alisema neno moja tu, "Yustina," kwa namna ambayo televisheni haikutajwa tena.

Niligundua siku ya Jumamosi. Ma Yustina yuko dukani, mimi nimekaa kwenye meza ya chakula nasahihisha kazi za wanafunzi, na Ta Deo amekaa kwenye kiti chake akisikiliza redio. Akainuka, akachukua kopo la chakula cha samaki, ambacho alikitengeneza kwa dagaa waliotwangwa na pumba kidogo. Akanyunyiza. Akasema, "Kuleni, kuleni," akarudi kukaa. Mimi nikaendelea na hesabu za watoto. Kabla sijafika mbali akainuka tena, akalitazama tangi kwa huruma, akasema, "Hawa leo hawajala." Akanyunyiza. Nilidhani ni mzaha wa mzee. Taarifa ya habari ikaja, ikaisha, na akainuka tena kwa mwendo ule ule, akasimama pale pale, akasema kwa sauti ile ile, "Hawa leo hawajala." Kalamu ilibaki hewani mkononi mwangu. Nikasema polepole, "Baba, umeshawapa." Akageuka. Usoni mwake hapakuwa na hasira. Kulikuwa na kitu ambacho nimekuja kukiona tena kwa watoto darasani, wale unaowaita mbele wasome na wao hawajui kusoma: wanatafuta kwanza usoni mwako jibu unalolitaka. Akacheka, akasema, "Aa, wewe Mwalimu, unanisahihisha na mimi?" Akalirudisha kopo. Tukacheka wote wawili, na mimi nikainama kwenye madaftari ili asinione. Mvua ya chakula ilikuwa inazama taratibu kwenye weupe, na kichwani nilikuwa namsikia tena akinifundisha: ama samaki amekufa mahali usipomwona, ama kuna mtu.

Nilimwambia Ma Yustina jioni, jikoni, wakati tunamenya ndizi. Nilichagua maneno niliyoyafikiria mchana mzima. Nilisema labda Baba amechoka, labda analisha samaki akiwa ameshawalisha. Kisu chake hakikusimama. Alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitupa kwenye maji, akasema, "Mwalimu, humu ndani umepewa chumba. Hukupewa mume wangu umpime akili." Basi. Alinipakulia chakula kama kawaida usiku ule, hata akaniongezea, lakini kwa siku nyingi baada ya hapo alinisalimia kwa sauti ya dukani, ile anayowapa wateja wanaoshika vitambaa na hawanunui. Nilianza kuuliza walimu wenzangu kama wanajua chumba kingine.

Ukuta kati ya chumba changu na chao haukufika kwenye paa. Ulikuwa umeishia kwenye dari ya mbao, na mbao zilikuwa zimeachana. Asubuhi moja niliamka mapema, nikawa nimelala kimya nikisubiri kupambazuke vizuri, nikamsikia Ma Yustina anazungumza kwa Kihaya, taratibu, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Leo siku gani?" Ta Deo akasema, "Jumatano." "Jumatano ilikuwa jana. Leo?" "Alhamisi." "Ndiyo. Na leo mzee Herman anakuja kukusalimia. Usimuulize habari za mkewe." "Kwa nini?" "Mkewe tulimzika." "Lini?" "Wakati wa senene, mwaka jana." "Mimi nilikuwepo?" "Ulikuwepo. Ulishika jeneza upande wa kichwa." Halafu Ta Deo akasema, "Nisaidie nisimuulize," na Ma Yustina akasema, "Nitakaa karibu yako. Nikikugusa goti, nyamaza." Mzee Herman alikuja mchana wakati niko shule, kwa hiyo sijui mambo yalikwendaje. Najua tu kwamba nililala pale nikiwa nimeziba mdomo kwa shuka, na nilielewa kwamba mama huyu hakukasirika kwa sababu nimemsingizia mumewe. Alikasirika kwa sababu alikuwa akijenga ukuta kwa mikono yake kila asubuhi, na mgeni ameuona ufa.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Safari ya Nyaishozi ndiyo iliyotusogeza karibu. Walikuwa na gari la mizigo kuukuu, na mwisho wa wiki walikwenda kibanjani kuleta ndizi na kuangalia kahawa. Siku hiyo walinichukua nikawasaidie kuchuma. Tulibanana mbele, Ma Yustina katikati. Tulipofika njia panda pale Omurushaka, Ta Deo akakata kona kuelekea Kyerwa badala ya Nyaishozi. Nilidhani ana jambo la kupitia. Tukaenda. Vumbi jekundu, migomba pande zote, watu wanapunga mkono kwa kuwa gari lao linajulikana. Mimi ile ni barabara ya kwetu, naijua kila mlima, na kadiri tulivyoendelea ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema, kwa sababu Ma Yustina naye hakusema. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na anatazama mbele. Mwishowe Ta Deo alipunguza mwendo, akasimama kando ya barabara, karibu na mwanamke anayechoma ndizi. Akazima gari. Mikono yake ikabaki kwenye usukani. Hakumuuliza mkewe, aliniuliza mimi: "Mwalimu, hapa ni kwa nani?"

Ma Yustina ndiye aliyejibu. "Tumekuja kutembea tu, Baba Editha. Miaka yote tunakwenda Nyaishozi, leo nimetaka kuona kwa akina Mwalimu." Alishuka, akanunua ndizi za kuchoma, tukala tumesimama kwenye kivuli cha gari, akamsimulia mumewe habari za yule mwanamke kana kwamba anamjua. Ilikuwa lazima Ta Deo aendeshe kurudi, maana sisi wawili hatukujua kuendesha. Tukirudi, Ma Yustina aliongea njia nzima. "Angalia ile kahawa ilivyobeba. Sasa mteremko unakuja, na chini kuna daraja bovu, unalikumbuka. Baada ya kanisa tunashika kushoto." Alimrudisha nyumbani kwa maneno, kona moja baada ya nyingine, na mzee akaendesha vizuri kabisa, akatabasamu hata. Gari lilipozimwa uani Ma Yustina akanyoosha mkono. "Nipe funguo nikuwekee, mfuko wako umetoboka." Akampa. Sikuwahi kumwona tena Ta Deo akiendesha gari.

Jioni ile jikoni aliniuliza bila kunitazama, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia tangu ile Jumamosi. "Mimi tangu Pasaka ya mwaka juzi," akasema. Halafu akakaa kwenye kigoda na kulia, si sana, kama mtu anayepumzika. Aliniomba nisimwambie Editha. Nilibishana naye, kwa mara ya kwanza na nafasi ile alinipa mwenyewe. Nilimwambia mtoto ana haki ya kujua. Akaniambia, "Editha ana moyo mwema na haraka. Atakuja kesho amchukue ampeleke Dar. Huku akisahau mlango, migomba inamrudisha. Kule atapotea kati ya kitanda na choo." Mpaka leo nikimfikiria Editha na shuka lake mkononi sijui kama mama yake alikosea. Alijua nyumba yake. Hakujua, nadhani, jinsi mtu aliye mbali anavyobaki akiuliza.

Kuhusu samaki tulipatana upesi, na wazo lilikuwa lake. Kila asubuhi, kabla ya chai, Ma Yustina alilificha kopo kubwa kwenye pipa la unga na kuacha juu ya tangi kikopo kidogo chenye chembe chache tu za dagaa, chakula cha siku moja. Ta Deo akiinuka alinyunyiza. Akiinuka tena alikuta kimebaki kidogo mno, alikung'uta kikopo, akapiga piga chini yake kwa kidole, akasema, "Kimekwisha. Kesho nitatwanga." Alirudi kukaa ameridhika, kwa kuwa nia ya kuwalisha ilikuwa imetimia. Mimi nilipunguza maji kidogo kidogo kwa mpira, nikaongeza ya mvua kwa ndoo ya bluu, ambayo sasa nilikabidhiwa bila neno. Zaidi ya hapo tuliondoa mikono yetu, kama alivyonifundisha. Kwa siku kadhaa hakuna kilichobadilika na Ma Yustina akanung'unika kwamba nimemdanganya kuhusu chakula. Kisha jiwe moja la nyuma likaonekana kama kivuli. Kisha mchanga. Nilirudi kutoka shule mchana mmoja nikakuta jua limepita ndani ya tangi lote mpaka ukutani, na furu waliobaki wanaelea ndani ya mwanga kama hawana maji. Ta Deo amesimama mbele yao, mikono nyuma, kama yuko kwenye ukaguzi. "Umeona?" akaniambia. "Nilisema ni pampu." Ma Yustina alikuwa mlangoni na mzigo wa vitenge kichwani. Akasema, "Ulisema, Baba Editha." Na mimi nikasema, "Ulisema, Baba."

Nikiwa na umri huu nimewahi kuwauguza watu wangu wawili walioishia kama Ta Deo, na watu huniuliza ninapata wapi subira. Sina subira nyingi. Nilikaa mwaka mmoja na mwanamke mwenye hasira za karibu, aliyepiga kelele kwa ajili ya ndoo, na nikamwona akimezea jambo lile lile kila siku bila kutaka asifiwe kwa hilo. Alichoka. Kuna siku alitoka akaenda kukaa dukani hata kama ni Jumapili, akafungua mlango nusu, akakaa tu gizani kati ya vitambaa. Nilimfuata mara moja, akaniambia, "Kaa, lakini usiseme kitu." Tukakaa. Hilo pia nilijifunza kwake.

Desemba, senene, wale panzi wa kuliwa, walipokuwa wanauzwa kwa vikombe barabarani, zamu ya sala ya jumuiya ilifika kwao. Wanajumuiya walikuja Jumamosi alasiri, wamejaa sebuleni mpaka ukumbini, vijana wamekaa sakafuni. Ta Deo alikuwa kiongozi wao wa sala tangu zamani na hakuna aliyefikiria kumwondoa. Ma Yustina alikuwa amemwandaa asubuhi, nilimsikia. Alianza vizuri. Rozari aliishika kwa vidole vyake vikubwa, sauti yake ndogo ikawafanya watu wote wanyamaze ili wasikie. Fungu la kwanza likaisha, la pili likaisha, na la tatu akatangaza tena lile la pili. Watu wakafuata. Akalitangaza tena. Mama mmoja akakohoa. Mahali fulani sakafuni kijana akacheka puani, na mwenzake akamfinya, ikawa mbaya zaidi kwa sababu kicheko kilichofinywa husikika. Ta Deo akakwama katikati ya Salamu Maria. Alitazama huku na huku, akitafuta kwenye nyuso zetu jibu tunalolitaka, na Ma Yustina alikuwa upande wa pili wa chumba, mbali na goti lake.

Ma Yustina akainuka. Nilidhani atamalizia sala yeye, kama mke anavyoweza kumsaidia mumewe. Alinyoosha khanga yake kiunoni, akasema kwa Kiswahili, ili hata wale wasiojua Kihaya waelewe, "Mume wangu anasahau. Ni ugonjwa. Umeanza zamani, na mimi nimekuwa nikiuficha, nimechoka kuuficha. Msimcheke, na msimwonee huruma mbele yake. Akikuuliza jambo mara ya pili, mjibu kama ni mara ya kwanza. Ndilo ninaloomba." Akageukia mumewe. "Nisamehe, Baba Editha, nimesema." Chumba kizima kilikuwa kinamtazama mzee. Alikunja rozari kiganjani, akafungua tena. Kisha akasema, "Kweli. Nasahau." Halafu, kwa mzaha wake wa zamani, "Hata kwamba nasahau nilikuwa nimesahau." Watu wakacheka, naye akacheka, na yule kijana wa sakafuni akaanza kulia. Mwenyekiti wa jumuiya akapokea sala palipoachwa, wakaimaliza.

Kabla watu hawajaondoka Ma Yustina aliniomba simu yangu, akatoka nje chini ya migomba, akampigia Editha. Mimi nilibaki ndani nikigawa chai. Ta Deo alikuwa amekaa na Gosbert, jirani anayenunua maharage ya wakulima, ambaye mkewe alikuwa ametoka hospitali wiki ile. Tangu jirani huyo afike, Ta Deo alikuwa amemuuliza hali ya mkewe mlangoni, akamuuliza tena kabla ya sala, na Gosbert, mtu wa biashara, wa haraka haraka, mara ya pili alijibu akiwa tayari ametazama pembeni. Sasa nikiwa naweka kikombe mbele yao nikamsikia Ta Deo akiinama na kumuuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Gosbert, mkeo anaendeleaje?" Gosbert alitua kikombe chake. Aligeuza kiti, akamkabili mzee, magoti kwa magoti. "Amepona, Ta Deo," akasema. "Ametoka hospitali. Jana amekwenda shambani kwa miguu yake." Na uso wa Ta Deo ukafunguka wote kwa furaha, akamshika Gosbert mkono kwa mikono yake miwili, akamwita Ma Yustina aje haraka asikie habari.